Video ya mwanafunzi na somo la watazamaji wake

MWANAFUNZI anayetengeneza video ya muziki kwa mara ya kwanza huwa na watazamaji wa aina moja: wale wanaompenda. Humwonyesha ndugu, rafiki au mwenzake wa darasani, na wote humwambia kwamba kazi ni nzuri. Sifa hizo humtia moyo, lakini hazimwelezi kama picha zake zimeeleweka kama alivyokusudia. Ndiyo sababu shule zinazofundisha somo la vyombo vya habari huwataka wanafunzi waifanyie utafiti hadhira yao na kuthibitisha walichojifunza kwayo.

Mfano ulio wazi unapatikana nchini Uingereza. Mtaala wa A-level wa bodi ya mitihani ya OCR, ulioanza kufundishwa mwaka 2008, uliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili nafasi ya kuchagua, miongoni mwa kazi nyingine, kutengeneza video ya kutangaza albamu, pamoja na kazi mbili za kuisindikiza, kama vile jalada la albamu na tangazo la kuchapishwa katika jarida.

Kazi hiyo ilikuwa na alama 100: 20 za utafiti na maandalizi, 60 za utengenezaji na 20 za tathmini. Katika tathmini, moja ya maswali manne lilimtaka mwanafunzi aeleze alichojifunza kutokana na maoni ya hadhira. Mtaala huo umekwishapisha mwingine, ulioanza kufundishwa mwaka 2017, lakini swali hilo linamhusu kila anayeshika kamera.

Kabla ya kamera kuwashwa

Utafiti wa kwanza hufanyika wakati video ingali mawazo na michoro. Lengo lake ni kujua wimbo unamlenga nani, mtu huyo hutazama video wapi na kwa chombo gani, na hutarajia kuona nini katika muziki wa aina hiyo. Majibu hayo huamua mambo ya kazi. Ikiwa wengi hutazama kwenye simu, mathalani, maandishi madogo na picha za mbali zilizopigwa gizani zitapotea, hivyo mpiga picha hana budi kusogea karibu na nyuso.

Matarajio nayo yana kanuni zake. Mwanazuoni Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu video za muziki na televisheni, alionyesha kwamba kila aina ya muziki ina desturi zake za picha, na kwamba picha zaweza kuyafuata maneno ya wimbo, kuyakuza au kwenda kinyume nayo. Anayetaka kuvunja desturi hiyo anapaswa kwanza kujua mtazamaji wake ameizoea kwa kiasi gani.

Katika hatua hii dodoso huwa na hatari yake. Wanafunzi wengi huwauliza wenzao 10 kisha hutangaza kwamba asilimia 70 wanapenda hadithi ya mapenzi. Hao ni watu saba, tena wa darasa moja. Mazungumzo marefu na watu watano wa rika linalolengwa yaweza kufundisha zaidi kuliko jedwali la namna hiyo.

Swali lenye faida

Utafiti wa pili hufanyika baada ya toleo la awali kuhaririwa, wakati bado pana nafasi ya kurekebisha. Hapa ndipo wengi hupoteza fursa kwa kuuliza, “Je, umeipenda?” Swali hilo huzaa adabu. Swali lenye faida ni, “Umeona nini?”

Tuseme video inahusu wapenzi wanaoachana, na inamwonyesha msichana akipanda basi akiwa na begi. Watazamaji wanane wanaombwa kusimulia walichokiona, na watano wanasema anakwenda mjini kutafuta kazi. Hapo mwanafunzi hajaambiwa kwamba video ni mbaya. Ameonyeshwa mahali hadithi ilipokatika. Tiba yaweza kuwa picha moja ya sekunde tatu: pete iliyoachwa mezani. Baada ya hapo toleo jipya lionyeshwe kwa watu wengine, kwa kuwa wale wa kwanza wamekwishaijua hadithi.

Tofauti hizo za uelewa zina maelezo ya kitaalamu. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba mtengenezaji hutia maana katika kazi yake na mtazamaji huifumbua kwa kutumia maisha yake mwenyewe. Mtazamaji aweza kuikubali maana iliyokusudiwa, kuikubali nusu nusu, au kuipinga. Mwanafunzi anayeandika majibu yote, yakiwamo yasiyompendeza, huwa na ushahidi wa mambo hayo mikononi mwake.

Kusikiliza si kutii

Hata hivyo, maoni si amri. Filamu ya Marekani iitwayo Fatal Attraction, iliyotoka mwaka 1987, ilibadilishiwa mwisho baada ya watazamaji wa majaribio kutoridhika na ule wa awali. Filamu ilipata mapato makubwa, lakini mwigizaji wake, Glenn Close, aliupinga mwisho huo mpya. Mgogoro huo unafundisha kwamba watazamaji ni hodari wa kuonyesha panapouma, ila kuchagua dawa kunabaki kuwa kazi ya mtengenezaji.

Kwa hiyo mtahiniwa mwangalifu huweka kumbukumbu ya mambo matatu: alichoambiwa, alichobadilisha na alichokataa kubadilisha, kila kimoja na sababu yake. Kumbukumbu hiyo humwezesha kuijibu tathmini kwa mifano, badala ya kuandika tu kwamba hadhira iliifurahia video. Aidha, humwandaa kwa siku ambayo kazi yake itatazamwa na watu wasiomfahamu, ambao hatakuwapo kuwaeleza alikuwa na maana gani.