Kabla ya Kusuka Ukili

Mtu ajifunzaye kusuka mikeka aghalabu huikimbilia rangi na nakshi, kwa kuwa ndizo zivutazo macho ya mpita njia katika soko la Darajani au la Kongowea. Lakini msusi hodari wa Pemba au wa Lamu, ukimkuta ana nafasi ya kuzungumza, atakuambia kwamba mkeka wake ulikwisha kuwa mzuri au mbaya tangu ulipokuwa jani, na kwamba vidole havina uwezo wa kusahihisha kilichoharibiwa na kisu na jua. Nami naafikiana naye, na kwa hiyo nitakaa katika maandalizi kuliko katika msuko wenyewe.

Miti miwili ndiyo ilishayo kazi hii katika pwani yetu. Mkindu, upendao mabonde na kingo za mito, hutoa ukindu, ulio laini na wenye kung'aa, ufaao mkeka wa kulalia na msala wa kuswalia. Mkoma, ambao kwengine huitwa mlala, hutoa miyaa, iliyo migumu zaidi, ifaayo jamvi, kikapu na kanda. Litakiwalo ni jani changa la katikati ambalo bado limefumba, maana lililokwisha kukunjuka hukakamaa na kuvunjika penye kona. Mkindu huota kwa kichaka, mashina mengi pamoja, na penye vikonyo vyake pana miiba mirefu isiyomjali mgeni; basi chukua jani moja katika shina moja, kwa hadhari, uache kilele kikiwa kizima, kisha uhamie shina jingine, kwani shina lililokatwa kilele halichipui tena, hufa. Wenye tamaa ya kumaliza kichaka kwa siku moja ndio walalamikao mwaka wa pili kwamba ukindu umeadimika.

Majani huanikwa juani mpaka yaache ukijani, na huingizwa ndani kila wingu linapotanda, maana mvua moja yatosha kuyatia madoa meusi ya ukungu ambayo hapana rangi iwezayo kuyaficha. Yakikauka huchanwa. Ondoa uti na kingo ngumu, kisha pasua jani kwa ncha ya kisu au kwa ukucha, ukitengeneza kwanza chane moja ya mfano, uiweke kando ya paja lako, na kila chane ifuatayo uilinganishe nayo kabla ya kuitia katika fungu. Kazi hii ni ya kuchosha, na wengi huifanyia ajizi. Lakini chane moja nene katikati ya nyembamba huusukuma upande ukili mzima, yaani ule ukanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, na ukili uliopinda haushoneki barabara hata ukishonwa na fundi wa mafundi.

Kuhusu rangi nitasema machache. Gome la mkandaa likichemshwa hutoa wekundu wa kahawia unaodumu, ingawa ukataji wa mikoko siku hizi una sheria zake. Bizari ya manjano hutoa rangi ya kupendeza ambayo jua huila upesi. Za unga, ziuzwazo kwa pakiti, ni kizazi cha tukio la mwaka 1856, wakati kijana Mwingereza William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akapata zambarau badala ya dawa. Uitumiayo yoyote, yachemshe maji kwanza, zitie chane zilizokwisha kuroweshwa, zigeuze mara kwa mara, kisha uzisuuze mpaka maji yatoke safi, na uzianike kivulini.

Sasa msuko. Chane hutakiwa kuwa na unyevu, si maji: zifunge katika kitambaa kibichi kwa muda, uzitoe chache chache. Iliyolowa mno hunywea ikikauka, na ukili uliokuwa umebana jioni huonyesha matundu asubuhi. Msuko wa kawaida hupita juu ya mbili na chini ya mbili, na chane ikikaribia kwisha, ilaze mpya juu ya mkia wake, uzisuke zote mbili kwa pamoja mapito machache, ncha ukiziacha upande wa chini. Usizikate ila ukili ukishakauka.

Hesabu ya wazee ni nyepesi kuliko ya futi: shibiri 2 ni mkono 1, na mikono 4 ni pima 1. Mkeka wa mtu mmoja, wenye urefu wa pima 1 na upana wa mikono 2, ukishonwa kwa ukili wa vidole 3, nao mkono ukihesabiwa vidole 24, hutaka vipande 16, yaani pima 16; ongeza pima 2 za akiba, maana mshono na ncha hula sehemu yake. Shona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka.

Apendaye nyuzi nzito zaidi na atazame usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Kule Paje na Jambiani wanawake huyafukia makumbi katika mchanga wa pwani inayojaa na kupwa, huyaacha kwa miezi, kisha huyaponda na kusokota kamba. Kwa kamba za namna hiyo ulishonwa mtepe, chombo kisicho na msumari, ambacho tanga lake lilikuwa la mkeka.

Mwalimu bora ni bibi asukaye uani huku akizungumza, na asiyempata na anunue kikapu kikuukuu kwa bei ya chini, akifumue polepole, akitazama kila chane ilipoingia na ilipotokea. Vyombo vya zamani huonekana katika Makumbusho ya Lamu, na nyumba za kienyeji pamoja na kazi za mikono katika Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966.

Naye anunuaye tu asione haya kuupindua mkeka mbele ya muuzaji. Upande wa chini ndipo zilipo ncha: zikiwa nyingi na karibu karibu, msusi alitumia chane fupi za masalio. Uinue juu uutazame dhidi ya mwanga, kisha usugue rangi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka chekundu, shuka zako nazo zitatoka hivyo.