Tufani Isiyofika Kipini

Mtu akitoka Garsen kwenda Kipini wakati wa mvua ya mwaka, hana haja ya kumwuliza mtu habari za bahari. Huzisoma njiani. Mwezi wa Juni 2024, siku chache baada ya Idi ya Mfungo Tatu, nilipita njia hiyo nikaona mstari wa matope kwenye kuta za nyumba, sawasawa kama uliopigwa kwa kamba na fundi mwashi. Hapo ndipo maji ya Mto Tana yalipofika. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamelala, na watu walikuwa wakianika magodoro juu ya ua. Baada ya Gamba niliiacha njia ya Lamu nikashika ya Kipini, na kabla sijaiona bahari nilikwisha kuisikia ikivuma.

Nilikwenda kwa sababu ya jambo moja. Mwezi wa Mei vimbunga viwili vilitangazwa kwa jina katika bahari yetu, Hidaya na Ialy, na baadaye kikasemwa kwamba pwani ya Kenya tumesalimika. Nami nilitaka kujua kama mvuvi wa Kipini naye anahesabu kwamba amesalimika.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Wamarekani wana jina lao la upepo huu, Wachina na Wajapani wana lao, na sisi tunaita kimbunga au tufani. Tufani tumelipata kwa Waarabu, na msomaji aliyehitimu chuoni analijua vyema, kwa kuwa ndilo lililotumika katika Kurani kuhusu gharika ya kaumu ya Nabii Nuhu, alayhi salaam. Kwao asili yake ni mafuriko ya maji. Sisi watu wa vyombo tumelivuta likawa dhoruba ya baharini. Mahali pengine jambo hili ni la wanavyuoni kubishana barazani, lakini katika delta ya Tana maana zote mbili hukutana mlango mmoja. Mto huleta tufani yake kutoka bara, bahari huleta yake kutoka kusini, na Kipini iko katikati.

Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza kwamba kimbunga hutaka vitu viwili vikubwa: bahari yenye joto, kiasi cha nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na nguvu ya dunia inavyojizungusha, ambayo huupinda upepo ukawa duara. Joto tunalo. Lakini nguvu ile ya kuupinda upepo ni dhaifu mno karibu na ikweta, na Kipini haifiki hata nyuzi 3 kusini ya ikweta. Ndiyo sababu tufani kubwa za bahari hii huzoea kwenda Madagaska, Msumbiji na Ngazija. Mwaka 2019 Idai ilipiga Beira mwezi wa Machi, na Kenneth ikapita Ngazija na kuingia Cabo Delgado mwezi wa Aprili. Sisi tulisikia redioni tu.

Hata hivyo wazee wetu hawakuona kamwe kwamba tuna hati ya kusamehewa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini pamoja na merikebu za Seyyid Barghash, na kuing'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, tufani nyingine ikaipiga Lindi. Zote mbili zilikuja mwezi wa Aprili, maleleji, wakati kaskazi imekufa na kusi haijakaa sawa. Hidaya nayo ilikuja mwanzo wa Mei, ikafika Mafia tarehe 4 ikiwa imekwisha kupungua nguvu. Wiki mbili hivi baadaye Ialy ikafuata, ikasogea karibu na ikweta kuliko ilivyo desturi ya ndugu zake, ikatuletea upepo mkali na mawimbi. Siku za Hidaya serikali yetu ilikataza uvuvi, kuogelea na safari zisizo za lazima baharini mpaka hatari ipite.

Pale Kipini nilimkuta mzee mmoja chini ya mkungu, akiziba matundu ya jarife. Nilimwamkia, “Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini.”

Nilimwuliza tufani iliwafanyia nini. Alicheka.

“Tufani haikufika hapa. Iliishia huko kwa Wamafia. Lakini mwambie hivyo mke wangu, uone atakavyokujibu.”

Kisha akanieleza, nami nitalipanga nililolisikia pamoja na nililoliona kwa macho yangu.

Upepo unaweza kuwa maili mamia kutoka kwako, lakini wimbi lake husafiri. Huja refu, zito, bila kelele, mtu wa bara akilitazama huliona zuri. Kwenye maji makuu mashua hulipanda na kulishuka. Shida iko mlangoni. Mto Tana unapoingia baharini pale Kipini huweka mafungu ya mchanga na matope, na wimbi likifika kwenye kina kifupi husimama likavunjika. Sasa ongeza mto uliofurika, unaosukuma maji kwenda nje kwa nguvu, wakati wimbi linasukuma kuja ndani. Maji mawili yakipigana hivyo, wimbi huwa fupi na wima kama ukuta. Mtumbwi au hori halipiti hapo. Hata mashua yenye mashine, ikizimika katikati ya mafungu, imekwisha. Na mafungu yenyewe huhama: aliyekwenda baharini mwezi uliopita kwa njia aliyoizoea hurudi akakuta njia si ile.

Ya pili ni nyavu. Mto ulioingia mashambani Garsen hauji baharini mtupu. Huja na migomba, magugu, magogo, majani ya mpunga na mizoga ya ng'ombe. Jarife lililotegwa usiku hujaa takataka likawa zito kama ukuta ulioanguka, na asubuhi huna la kufanya ila kulikata. Mzee alinionyesha vipande vyake. Jarife zima lilikuwa vipande vitatu, na alikuwa akijaribu kulifanya moja.

Ya tatu ni samaki wenyewe. Maji ya Ghuba ya Ungwana yana tope hata siku njema, kwa kuwa Tana upande huu na Sabaki upande wa Malindi huimwagia udongo wa bara mwaka mzima. Tope likizidi na chumvi ikipungua, samaki wa maji maangavu, changu na kolekole, husogea mbali, asikopafikia mtu wa mtumbwi. Hubaki hongwe, anayelipenda tope. Hongwe ni samaki mzuri kwa mchuzi, wala simdharau, ila bei yake sokoni haimlishi mtu na watoto sita.

Na hata ukimpata samaki, utampeleka wapi? Barafu ya Kipini huja kwa gari. Mafuriko yalipoikata barabara huko Gamba na Lango la Simba, barafu haikuja, na samaki hawakutoka. Zamani jambo hili lilikuwa na dawa yake: ungempasua samaki, ukamtia chumvi, ukamwanika akawa ng'onda. Lakini ng'onda hutaka jua, na Mei ile jua lilikuwa adimu. Walionufaika kidogo ni mama karanga, waliokaanga kilichopatikana na kukiuza papo hapo kijijini. Nao walikuwa wakiuza kwa mkopo.

Hapa ndipo niliposhika kalamu vizuri. Mkopo ndio jeraha la tufani isiyofika. Desturi ya mgao Waswahili wote wa pwani twaijua: chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia hugawana kinachobaki. Chombo kisipotoka, hapana fungu la mtu. Wakati wa kukatazwa kwenda baharini, na siku nyingi baadaye kwa ajili ya mlango mbaya, watu walikula kwa tajiri anunuaye samaki. Naye si mtu mwovu, wala simtaji kwa ubaya. Alitoa unga na mafuta wakati hakuna mwingine wa kutoa. Lakini anayekula kwa tajiri hana tena sauti ya bei. Samaki wake wa kwanza watakaotoka baharini ni wa deni, na bei huitamka mwenye mizani.

Mzee aliniambia mwanawe mkubwa alitaka kutoka siku moja ya lile katazo. Alisema bahari ya Kipini haijapata kuuawa na kimbunga, na serikali haimlishi. Mzee alimkatalia. Mwana akanuna siku tatu, hakula na baba yake sahani moja.

“Ulijuaje kwamba si siku ya kutoka?” nilimwuliza. “Kwa redio?”

“Redio nimeisikia. Lakini mimi nilisikiliza mlango. Mlango ulikuwa ukilia kwa sauti mbili.”

Nikamwuliza juu ya hesabu ya Nairuzi, kwa sababu nilijua wazee wa vyombo hawakwenda baharini bila hiyo. Kwa vijana wetu wasioijua nitaeleza kidogo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na mwezi hauna habari ya kaskazi wala kusi. Ramadhani huzunguka majira yote. Kwa ibada hilo ni rehema, kwa tanga ni tatizo. Kwa hiyo mabaharia wa pwani hii walishika mwaka wa pili wa siku 365, unaoanza Nairuzi, ambao siku hizi huangukia Julai, nao wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi. Nahodha alijua mwongo gani kusi huanza, mwongo gani bahari hufungwa, na mwongo gani wa demani hufunguka tena. Kitabu chake kilikuwa kichwani.

“Hesabu ninayo,” alisema. “Hesabu inaniambia kusi itakuja lini. Hainiambii kimbunga. Kimbunga hakina mwongo.”

Maneno haya yalinikaa. Elimu ya Nairuzi ni elimu ya mambo yanayorudi. Jambo linalokuja mara moja katika umri wa mtu haliwezi kuhesabiwa hivyo. Hilo lataka chombo cha angani na mtu wa kusema mapema. Wala si haki kumwambia kijana kwamba redio imeifuta elimu ya babu yake. Redio ilisema kuna upepo kusini. Haikusema mlango wa Kipini umesimamaje asubuhi ile. Aliyelijua hilo ni aliyezaliwa karibu na mlango.

Mahali penyewe pana ushahidi wa umri wa elimu hiyo. Si mbali na Kipini kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waislamu wenye msikiti wa Ijumaa wa mawe, uliochimbuliwa na James Kirkman, ambaye kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1966. Na Kipini yenyewe ndiyo wazee wanayoitaja kuwa kaburi la Fumo Liyongo. Hata mdomo huu wa mto una historia: zamani Tana ilitokea baharini upande wa kusini zaidi, mpaka katika karne ya 19 watu wa Witu walipochimba mfereji wa Belezoni kuuunga na Mto Ozi, na maji yakapenda njia mpya. Watu waliokaa hapa karne zote hizo hawakukaa kwa bahati.

Sasa niseme jambo ambalo halikunijia akilini nilipotoka Garsen. Mafuriko yale yale yaliyolaza mpunga ndiyo yanayoilisha ghuba. Kamba huzaa baharini, watoto wake huingia katika mikoko na kukua humo, na mto ukijaa maji matamu huwasukuma nje wakiwa wakubwa, pamoja na chakula cha kuwalisha. Mvua ya mwaka ikiwa nzuri, kamba huwa wengi. Kwa hiyo baada ya tufani ya mto, riziki iko pale nje, maili chache, ila mlango umefungwa na tufani ya bahari. Mwenye meli kubwa ya kukokota nyavu hupita. Mwenye mtumbwi hutazama. Ugomvi wa meli hizo na wavuvi wadogo wa Ungwana ni wa tangu miaka ya 1970, na mwaka 2006 zilisimamishwa kwa muda. Sitaufungua leo, lakini asiyejua jambo hili la mlango hawezi kuelewa kwa nini ugomvi ule ni mchungu hivyo.

Jioni ile mitumbwi miwili ilirudi na kamba, weupe, wakubwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Mmoja ulikuwa wa yule mwana aliyenuna. Kamba wakamwagwa kwenye mizani, mwenye mizani akatazama daftari, akaandika, akalifunga. Mwana alipata fedha ya kununua sukari na majani ya chai. Hakusema neno, akaja akakaa karibu na baba yake.

Nilimwuliza mzee kama tufani nyingine ikitangazwa atawazuia tena.

“Nitawazuia. Lakini wewe unayeandika, waambie watupashe habari siku nyingi kabla. Si kwa ajili ya kufunga mashua, hiyo kazi ya saa moja. Tujue tuweke unga.”

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Aliniomba nimshikie ncha ya jarife alikunje, tukalikunja, na adhana ya Magharibi ikatukuta tukilipandisha barazani.