Hasira uwanjani si maumbile pekee

MASHABIKI wengi humwona mwanamichezo anayempiga mpinzani kuwa mtu aliyezaliwa na ukatili. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, lakini haijitoshelezi.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo hutenga ukali wa aina mbili. Upo wa hamaki, ambao nia yake ni kumwumiza aliyeudhi. Upo pia wa hesabu, kama wa beki anayemwangusha mshambuliaji makusudi ili asifunge.

Zinedine Zidane ni mfano wa hamaki. Katika fainali ya Kombe la Dunia jijini Berlin, Julai 9, 2006, nahodha huyo wa Ufaransa, aliyejulikana kwa uchache wa maneno, alimpiga Marco Materazzi wa Italia kichwa kifuani baada ya kurushiana maneno. Alilishwa kadi nyekundu, na Italia ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti 5-3.

Luis Suarez wa Uruguay naye aliwauma wapinzani mara tatu: 2010, 2013 na 2014. Alifungiwa mechi saba, kisha 10, na hatimaye akapigwa marufuku ya miezi minne. Ni dhahiri kwamba hulka ya mtu ina nafasi yake, na kwamba adhabu pekee si malezi.

Hata hivyo, watafiti wamebaini kuwa kinachochangia pia ni maana ambayo mchezaji huupa ushindi. Anayejipima kwa kuwabwaga wengine tu huwa mwepesi wa kuhalalisha hila, akijiambia kuwa kila mtu hufanya hivyo na kwamba kukataza ni kazi ya refa. Anayejipima kwa kunoa kipaji chake hujizuia zaidi.

Desemba 2012, katika mbio za nyika mjini Burlada, Uhispania, Mkenya Abel Mutai alipunguza kasi akidhani amekwisha kuvuka utepe. Ivan Fernandez Anaya, aliyekuwa nyuma yake, hakumpita, bali alimwelekeza hadi akamaliza wa kwanza.

Maana hiyo ya ushindi hufunzwa. Mkufunzi wa shule anayemshangilia mtoto aliyemhadaa refa humfunza somo, sawa na yule anayemtoa uwanjani mchezaji wake bora kabla hasira haijafurika. Samaki mkunje angali mbichi.