Duka la Kijiji na Duka la Kwenye Simu

Kwa miaka mingi sisi watu wa vijijini tulinunua vitu mahali pawili tu: dukani au gulioni. Sasa pamezuka mahali pa tatu, napo ni kwenye simu. Mtu amekaa barazani kwake Kibondo au Namtumbo. Anatazama picha ya viatu vilivyoko Kariakoo, anauliza bei, anatuma hela. Baada ya siku mbili tatu anakwenda stendi kupokea kifurushi kwa kondakta. Wenye maduka wanalalamika kwamba biashara imekufa. Je, ni kweli imekufa? Tulitazame jambo hili polepole.

KWA NINI BEI YA SIMU NI NDOGO

Kitu kinachouzwa dukani kijijini kimepita mikono mingi. Mwagizaji wa Dar es Salaam humwuzia mwenye duka la jumla la mkoani. Huyo humwuzia mfanyabiashara wa wilayani, naye humwuzia mwenye duka wetu. Kila mkono unaongeza faida yake na gharama ya usafiri. Mwuzaji wa kwenye simu anaruka mikono miwili au mitatu. Wengine hawana hata chumba cha duka. Mali iko nyumbani chini ya kitanda, kwa hiyo hawalipi pango. Basi si kwamba mwenye duka wetu ni mnyonyaji, kama wengine wanavyopenda kusema wakiwa kwenye kahawa.

Jambo la pili ni kwamba siku hizi hela husafiri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, kumlipa mtu wa Dar es Salaam kulitaka uende posta, au umpe dereva wa basi hela zako ukaombe Mungu.

Lakini bei ya kwenye picha siyo bei yote. Tufanye hesabu. Tuseme taa ya sola kwenye simu ni shilingi 28,000. Kusafirisha kifurushi kwa basi ni 4,000. Bodaboda kwenda stendi na kurudi ni 6,000. Ada ya kutuma hela ni 1,000. Jumla ni shilingi 39,000. Taa kama hiyo dukani kijijini inauzwa 37,000. Kumbe aliyekimbia bei kubwa amelipa zaidi, tena amepoteza siku moja ya kulima.

Gharama hii ya kufikisha mzigo imewasumbua hata wakubwa. Kampuni ya Jumia, iliyoanza Nigeria mwaka 2012 na kuuza vitu kwa njia ya intaneti katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga kazi zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Ilisema inaelekeza nguvu zake kwenye nchi nyingine. Wauzaji wadogo wa Kariakoo wanaotumia WhatsApp na Instagram wao wanaendelea, kwa sababu hawana magari wala maghala ya kulipia. Basi la abiria ndilo gari lao.

WALIOKARIBIA KUFA WAKAPONA

Vita hii haikuanza kwetu. Huko Marekani kuna kampuni iitwayo Best Buy, yenye maduka makubwa ya televisheni, friji na kompyuta. Kufika mwaka 2012 ilikuwa na hali mbaya. Watu waliingia dukani, wakaziwasha televisheni, wakamwuliza mwuzaji maswali mpaka akachoka, kisha wakatoka na kuagiza kwa Amazon kwa bei ndogo. Duka likawa mahali pa kutazamia tu. Wengi walisema kampuni hiyo inakufa.

Mwaka huo huo ilipata mkuu mpya, Hubert Joly, Mfaransa. Kuanzia mwaka 2013 duka lilikubali kwamba mteja akionyesha bei ndogo ya Amazon, atauziwa kwa bei hiyo hiyo. Hivyo aliyekwisha fika dukani hakuwa na sababu ya kutoka mikono mitupu. Pia maduka yenyewe yakageuzwa maghala: mteja akiagiza kwa intaneti, mzigo unatoka duka lililo karibu naye. Tena kampuni kama Samsung zikapewa sehemu zao ndani ya maduka hayo, maana nazo zilihitaji mahali ambapo mnunuzi anashika kitu kwa mkono. Best Buy ipo mpaka leo.

Mwenye duka wa kijijini asiige yote. Hilo la kushusha bei, kwa maoni yetu, ni hatari kwake. Mtaji wake ni mdogo, na akifuata bei ya Kariakoo kila siku, rafu zitabaki na kiberiti tu. Lakini lile la kuligeuza duka kuwa mahali pa kupokelea mizigo anaweza, tena bila gharama kubwa. Turudi kwenye hesabu ya taa. Watu watano wanataka taa. Mwenye duka anaandika majina yao, anapokea hela, anaagiza taa tano kwa mara moja. Tuseme kuusafirisha mzigo wote ni 8,000, bodaboda 6,000, ada 2,000. Jumla ni 16,000, ukigawa kwa watano ni 3,200. Kila taa imefika kwa shilingi 31,200. Akiuza 34,000 amepata faida, na mteja ameokoa 5,000 kuliko angeagiza peke yake. Anayekwenda stendi ni mwenye duka peke yake, na wote watano wamebaki shambani.

Vipo vitu vingine ambavyo simu haiviwezi kabisa. Hakuna atakayeagiza sukari robo kutoka Dar es Salaam. Mtoto akiugua saa nne za usiku, hela ya nauli inatafutwa kwa wakala, na wakala mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye duka. Baiskeli ikipasuka tairi, mtu anaitaka leo. Bomba la kunyunyizia dawa likivuja, anahitaji kipuri chake na mtu wa kukifunga. Mbegu nazo ni hivyo hivyo: kwa mwuzaji wa pembejeo unaishika pakiti, unatazama lebo ya TOSCI, na mbegu zisipoota unajua mlango wa kugonga. Katika kisomo chetu kimoja mama mmoja aliagiza kitenge kwa picha, akaletewa kitambaa chepesi kinachoonyesha mwanga. Alipopiga simu, namba haipatikani. Na wale matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” nao wamejifunza kuweka picha za viatu. Basi mwenye duka anayekubali kurudishiwa kitu kibovu ana silaha kubwa mkononi. Cha kushangaza, wengi wao bado wanabandika karatasi ukutani: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Karatasi hiyo waitoe.

DAFTARI LA MADENI

Limebaki jambo moja, na hili linatuhusu sisi wanunuzi. Miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa, kaya nyingi huishi kwa daftari la madeni la dukani. Chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote huandikwa. Mwuzaji wa kwenye simu hamkopeshi mtu asiyemjua. Yeye hutaka hela kwanza.

Sasa tazameni tunavyofanya. Mavuno yakiuzwa na hela ikiwa mkononi, tunaipeleka Kariakoo kwa simu. Ikifika Januari mfuko umekauka, tunarudi kwa mwenye duka na kusema, “Andika, ndugu yangu.” Yeye analishwa madeni, mwenzake wa mjini analishwa taslimu. Duka la namna hiyo halidumu miaka mingi. Likifungwa, chumvi itafuatwa kijiji cha pili, na huko hakuna daftari lenye jina lako.

Baadhi ya wenye maduka wameanza kuweka kikomo: anayemaliza deni wakati wa mavuno anaandikiwa tena msimu unaofuata, asiyemaliza haandikiwi. Wanakisomo wenye daftari lao la pili nyumbani hulinganisha maandishi na mwenye duka kila mwisho wa mwezi, ili pasiwe na ugomvi wa “mimi sikuchukua sabuni mbili.”