Kweli au Porojo? Mimea ya Kigeni Nairobi

Haya umeyasikia kwenye matatu za Ngong Road, na huenda umeyarudia mwenyewe. Tuyapime.

“Jakaranda ni mti wetu wa asili.” Uongo. Kwao ni Amerika Kusini. Hapa ulipandwa kwa urembo. Lakini usikimbilie panga. Afrika Kusini umeorodheshwa kuwa mti vamizi kwa kuwa umejisambaza hadi kando ya mito; katikati ya Nairobi mingi imesimama palepale ilipopandwa. Ugeni peke yake si kosa.

Na ile kwamba ikichanua mvua i njiani? Kweli nusu. Maua hutangulia mvua za vuli, ila Bahari ya Hindi ndiyo huamua zije kwa wakati au zichelewe. Mti haujui.

“Mkaratusi hukausha chemchemi.” Kweli, na wazee waliosema hivyo wapewe maua yao. Mti huu wa Australia uliletwa enzi injini za reli zilipokuwa zikiteketeza kuni. Arboretum, jirani na Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 kujaribia miti inayokua upesi. Kukua upesi ni kunywa sana. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mbali na mto, endelea kuvuna nguzo zako.

“Bwawa la Nairobi ni kijani, basi lina afya.” Uongo mtupu. Ukilitazama kutoka Lang'ata utadhani ni uwanja wa mpira. Hilo ni gugumaji kutoka Amazon, limetanda mahali watu walipokuwa wakiendesha mashua za tanga. Linanenepeshwa na majitaka yanayoshuka kupitia Kibera. Likishatanda, mwanga haupiti, hewa majini hupungua, samaki hufa. Joto likizidi, nalo huzidi kasi. Ukiliopoa bila kuziba majitaka, litarudi.

“Ukame utayamaliza magugu.” Uongo, na huu ndio unaonikera zaidi. Itazame lantana katika msitu wa Ngong Road: majani ya kukwaruza, maua ya manjano na waridi kwenye kichwa kimoja, vitunda vyeusi. Ndege huvila na kudondosha mbegu kwingine; kichaka kikikatwa, huchipuka tena shinani. Ukame huua miche ya asili na kuacha ardhi wazi. Mvua kubwa zikija, kama za Aprili 2024, lantana huwahi nafasi hiyo.

Kwa hiyo ukiikuta uani, ing'oe na mizizi, kisha panda mti wa asili palepale, kama wanavyofanya katika msitu wa Karura.