Kaya, Mkazi na Homa: Nafasi ya Ontolojia katika Utunzaji wa Data za Sayansi

Katika falsafa, ontolojia ni elimu ya kuwako: huuliza ni vitu vya aina gani vilivyopo, na vinahusianaje. Wataalamu wa kompyuta wamelipa neno hilo kazi nyembamba zaidi. Kwao ontolojia ni maelezo rasmi ya dhana za taaluma fulani na mahusiano yake, yaliyoandikwa kwa namna ambayo mashine yaweza kuyafuata. Msemaji wa lugha ya Kibantu hana sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mwaka 1956 Alexis Kagame, akichunguza Kinyarwanda, alizisoma ngeli kama mgawanyo wa vyote vilivyopo: mtu, kitu, mahali na namna. Hoja yake imepingwa sana, lakini swali lake lingali hai.

Haja ya ontolojia yaonekana wazi katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, upande wa Eastlands jijini Nairobi. Huko, mnamo mwaka 2002, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kiitwacho APHRC kilianzisha mpango wa kuwafuatilia wakazi. Wadadisi walipita nyumba hadi nyumba, wakarudi tena na tena, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama.

Yaonekana kazi rahisi. Lakini kaya ni nini? Vijana wawili wanaofanya vibarua viwandani hupanga chumba kimoja, wakagawana kodi, na kila mmoja akapika chake. Anayehesabu kaya kwa chumba atapata moja. Anayehesabu kwa jiko atapata mbili. Mwingine ameacha mke na watoto mashambani: je, yeye ni mkuu wa kaya ipi? Na mgeni huwa mkazi baada ya siku ngapi? Vituo vya namna hii, ambavyo vingi viliunganishwa na mtandao wa INDEPTH ulioanzishwa mwaka 1998, havikuwa na jibu moja. Takwimu zao zikijumlishwa hivi hivi, jumla itapatikana, ila haitakuwa hesabu ya kitu chochote.

Ontolojia hutenganisha chumba, jiko na kaya. Kila dhana hupewa fasili na alama isiyobadilika, kisha huelezwa mahusiano yake: mtu fulani ni wa kaya fulani, tangu tarehe hii hadi ile. Maneno huweza kubadilika, na Eastlands, kitovu cha Sheng, hubadilika upesi, alama hubaki. Watafiti wa jeni za nzi, hamira na panya walianza mradi wa namna hiyo mwaka 1998, kwani kila kundi lilikuwa na majina yake kwa kazi zile zile.

Jambo zito zaidi ni vifo. Mtu akifia nyumbani bila daktari, jamaa zake huhojiwa juu ya dalili alizokuwa nazo. Mama asema mtoto alikuwa na homa. Neno hilo laweza kuwa joto la mwili, mafua, au hata malaria, maradhi yasiyo ya kawaida kwa mtoto ambaye hajatoka Nairobi. Ontolojia nzuri huweka dalili mbali na ugonjwa, na ugonjwa mbali na sababu ya kifo. Mwandishi akiruka hatua hizo na kuandika "malaria", nimonia iliyomwua mtoto hutoweka katika daftari, na dawa ya mtoto wa jirani haitaagizwa. Kwa hiyo hapana budi neno la mama lihifadhiwe kama alivyolitamka, kando ya alama ya dhana, ili msomaji wa baadaye aweze kuihukumu tafsiri iliyofanywa.