Kazi ya Psikolojia Viwandani

Vijana wengi waliomaliza sekondari huuliza: mtu aliyesoma psikolojia atafanya kazi gani, ikiwa hataki kufundisha wala kutunza wagonjwa? Iko kazi moja isiyojulikana sana kwetu: psikolojia ya kazi. Mwenye kazi hiyo hutafuta kujua kwa nini watu wanachoka, wanagombana ao wanaacha kazi. Tena husaidia kuchagua mtu anayefaa kwa kila nafasi.

Tutazame mfano wa Elton Mayo. Alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1880. Alianza masomo ya udaktari, akayaacha, akasoma filosofia na kuifundisha. Mwaka 1922 alivuka kwenda Marekani. Huko Philadelphia, katika kiwanda kimoja cha nyuzi, kilikuwa na chumba ambamo watu hawakukaa: kwa mwaka mmoja ilibidi kuandika watu kama 250 kwa nafasi 100. Wakubwa walijaribu kuongeza fedha, lakini bure. Mayo aliomba watu wapumzike dakika 10 mara kadhaa kwa siku. Basi, watu wakatulia, na kazi ikaongezeka.

Kisha alisaidia uchunguzi wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Huko, toka 1928 hata 1930, watu zaidi ya 20,000 waliulizwa habari za kazi yao. Mwanzoni waulizaji walikuja na maswali tayari. Lakini waliuliza juu ya mashini, na mtu akajibu juu ya kapita wake ao juu ya mgonjwa wa nyumbani. Basi wakageuza namna: wakamwacha aseme mwenyewe. Wenye elimu wamebishana sana juu ya hesabu za Hawthorne; hata hivyo fundisho la kusikiliza limebaki.

Kijana anayetaka njia hii afanye nini?

Kwanza, asome. Kwetu Kongo, iniversite za Kisangani na Lubumbashi zinafundisha psikolojia. Lisansi ni mlango tu. Masta yafaa, na doktora kwa anayetaka kufundisha iniversite. Asikimbie hesabu, kwani bila hesabu hataweza kupima kama shauri lake limesaidia ao hapana.

Pili, afanye staji mahali pa kazi penyewe. Asikae katika biro tu. Asimame karibu na mashini, ajue joto, makelele na saa za usiku.

Tatu, na hili ndilo gumu, ajue kutunza siri. Mshahara wake unatoka kwa mkubwa, na masikio yake yanapokea maneno ya mdogo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza, amwambie mfanyakazi wazi: maneno haya yatafika kwa mkubwa, haya hayatafika. Akitaja jina la mtu mmoja tu aliyemwamini, kesho wote watamwambia kwamba kila kitu ni kizuri. Hapo diploma yake itabaki ukutani, lakini kazi yake imekwisha.